Sauti ya Nyuma ya Goli

Fundi cherehani wa mtaani kwetu hajawahi kucheza mpira. Naanza na hilo makusudi, kwa sababu ukimkuta anasimulia utadhani kastaafu juzi na bado timu zinambembeleza arudi. Mimi ni msusi, saluni yangu na duka lake vinatenganishwa na ukuta mmoja mwembamba, na kwa miaka yote hiyo kitu pekee nilichomwona akikipiga teke ni paka. Lakini mdomo anao. Watu wanamwita Spika. Yeye anadhani ni jina la heshima.

Nyuma ya nyumba zetu kuna kiwanja cha vumbi ambako timu za mtaa zinacheza, ya wavulana na ya wasichana. Spika hajakosa mechi. Siku ya mchezo anafunga duka hata kama kuna bwana harusi ndani anangoja suruali, anaondoka na futi yake ya kupimia bado iko shingoni. Amewahi kukaa na mikono ya koti la mtu wiki nzima kwa sababu timu ilifungwa na hakuwa na moyo wa kushona. Akikupima, anabana pini mdomoni, na hapo ndipo pekee utakapomsikia akiongea taratibu. Pini zikitoka tu, anaanza kukueleza kwa nini beki wa kushoto ni mzigo.

Kazi yake kubwa kwenye timu, ukimwuliza mwenyewe, ni kufukuza makocha. Anawataja mmoja mmoja kama mtu anayetaja watoto wake aliowaozesha. Yule aliyependa pasi fupi, walimzomea mpaka akajiuzulu. Yule aliyemweka benchi mpwa wa mwenyekiti, walimfuata wakigonga makopo mpaka kituo cha basi. Nilimwuliza siku moja, "Fundi, na wewe mteja akija kukuzomea dirishani wakati unakata kitambaa, utakata sawasawa?" Akacheka sana. Akasema wanawake mpira hatuujui.

Sasa huyu mtu alikuwa na binti. Mama yake alifariki binti akiwa hajaanza shule, na tangu hapo walikuwa wawili tu katika vile vyumba viwili: cha mbele cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi na kabati la vifungo, cha nyuma kitanda cha baba. Mtoto alilala cha mbele, chini ya meza ya kukatia, kwenye godoro linalokunjwa asubuhi kabla wateja hawajaja. Sisemi kwamba baba hakumpenda. Alimpenda kweli, na ndiyo maana nina hasira naye mpaka leo. Angekuwa hamjali, mtoto angepona.

Binti alikuwa kipa. Mikono yake mikubwa, mirefu, na mpira ukiifikia hautoki. Wenzake wakampa jina Sumaku. Alianza kudaka akiwa mdogo, na tangu mechi ya kwanza baba yake alisimama nyuma ya goli. Sijui kama mnajua mpira, mimi nilikuwa siujui, lakini hata kipofu angeligundua hili: mchezaji wa kati au wa mbele anakimbia, anakuacha na kelele zako. Kipa hana pa kukimbilia. Ukisimama nyuma ya wavu wake, hatua mbili kutoka mgongoni, unaye dakika zote tisini.

"Toka!" Mtoto anatoka. "Baki!" Anabaki. "Kulia! Kulia kwako! Ngumi! Piga ngumi!" Na mtoto anapiga ngumi. Ilikuwa inatisha kidogo jinsi alivyotii. Sauti na mwili havikupishana hata kidogo. Kwa kuwa Spika ana macho, na kwa kuwa wasichana wa rika lile walikuwa bado wanapiga mpira polepole, alikuwa anapatia mara nyingi. Wakishinda, watu wanambeba mtoto, na Spika anatembea nyuma yao akipokea pongezi kwa mikono miwili. "Tumedaka," anasema. Siku wakifungwa, "kafungwa."

Kisha akaja kocha mpya wa wasichana. Mwanamke, mrefu, anachechemea kwa goti alilovunja enzi zake za kucheza. Mchana alifanya kazi kwenye kiwanda cha magodoro, jioni anakuja kiwanjani na nyuzi za sponji bado zimemganda kwenye nywele. Ndivyo tulivyofahamiana. Alikuja saluni nimtoe zile nyuzi kabla sijamsuka, na nikamwambia kichwa chake kina godoro la futi sita kwa sita. Tukawa marafiki kuanzia hapo.

Siku moja nikiwa namsuka nikamsifia Sumaku.

"Dada, yule mtoto hachezi," kocha akasema.

"Hachezi vipi? Si juzi tu kadaka penalti?"

"Kadaka baba yake. Yeye ni glovu tu."

Nikaacha kusuka. Akaniambia, "Mazoezini, baba yake asipokuwepo, mtoto anasimama kwenye mstari ananiangalia mimi. Mpira unakuja, yeye ananiangalia mimi! Namwambia amua. Ananiuliza niamue nini. Kipa anajifunza kwa magoli anayofungwa, dada. Anatoka vibaya, anafungwa, anaumia, kesho anajua. Huyu hajawahi kufungwa goli lake mwenyewe. Yote kafungwa ya baba yake."

Na muda ulikuwa mfupi. Kuna kituo cha kulea vipaji, safari ya nusu siku kutoka kwetu, kila mwaka kinachagua wasichana wachache. Ukichaguliwa unasomeshwa bure, unalala hapohapo, unacheza. Mwaka ule walikuwa wanataka kipa mmoja. Sumaku alikuwa anakijua kituo kile kuliko anavyoijua nyumba yao. Akija kusukwa hakuwa na hadithi nyingine.

"Anti, kila mtu ana kitanda chake," alikuwa akiniambia. "Na kabati. Lina ufunguo."

"Utaweka nini kabatini, wewe una nini?"

"Sijui. Lakini ufunguo nitakuwa nao mimi."

Alikuwa na miaka kumi na minne. Ukimwuliza anataka soda ya rangi gani alikuwa anasema yoyote. Kituo ndicho kitu pekee nilichowahi kumsikia akikitaka kwa mdomo wake.

Kocha alijaribu njia ya adabu kwanza. Alimwendea Spika dukani, nikawasikia kupitia ukutani. Alimwomba ahamie upande wa pili wa kiwanja, na wazazi wengine. Spika alimjibu kwa upole uliozidi, nikajua pini zipo mdomoni. Kisha pini zikatoka. "Wewe umekuja juzi na goti lako bovu! Mimi nimemtengeneza huyu mtoto tangu anatambaa! Wewe ulimfundisha nini?" Kocha akatoka, akapita mbele ya saluni yangu bila kunisalimu.

Njia ya pili ilikuwa ya vipande vya sponji. Vidogo, vya mabaki ya magodoro, alivikata mwenyewe vikaingia sikioni sawasawa. Akanijia na ombi: nimsuke Sumaku nywele ziteremke zifunike masikio. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini nilimsuka, na nilimsuka vizuri, mistari minene mbele na nyuma inayomwagika shavuni. Spika mwenyewe alisifia. Akasema sasa mtoto amekuwa na sura ya kipa wa kimataifa.

Mechi za mwanzo zilikuwa balaa. Spika anapiga kelele nyuma, mtoto hasikii, na kwa kuwa hajazoea kuamua, anaganda. Walifungwa na timu ambayo haijawahi kuifunga timu yoyote. Mashabiki walimzomea mtoto wa watu mpaka machozi, wengine wakubwa wenye ndevu, wanamtukana msichana wa kidato cha pili mambo ambayo sitayaandika. Spika alikuwa analia kwa hasira. Hakuelewa mtambo umeharibika wapi. Nyumbani alikuwa anamsimamisha mtoto katikati ya cherehani mbili na kumrushia bunda la vitambaa, "Toka! Baki!", na nyumbani mtoto alitii vilevile, kwa sababu nyumbani hakuna sponji.

Lakini mechi baada ya mechi kitu kikaanza kubadilika. Nikawa naacha wateja saluni naenda kuangalia, mimi nisiyejua kona wala mpira wa kurusha. Mtoto alianza kusogea mwenyewe. Alikosea, akajipiga paja, akarudi mstarini. Siku nyingine akakosea kidogo. Nakumbuka alivyodaka krosi moja ambayo hakuna aliyemwambia aifuate. Alikaa nao mpira kifuani, akautazama, akacheka peke yake, mpaka refa akamwambia aharakishe. Kocha alikuwa amesimama karibu yangu. Hakushangilia. Alipangusa macho kwa ukingo wa fulana, akaniambia ni vumbi.

Nikasema kimoyomoyo, huyu mtoto ataula.

Halafu ikaja mechi ya robo fainali. Straika wa wapinzani akachomoka peke yake, Spika nyuma ya wavu akapasua koo: "Toka! Toka! Tokaaa!" Mtoto hakutoka. Alibaki palepale, magoti yamekunjwa, akasubiri. Yule straika alikuwa ameshajiandaa kumpitishia mpira juu, akakosa pa kuupitisha, akapiga kwa wasiwasi. Mtoto akaudaka kama anapokea mkate dirishani. Uwanja mzima ukalipuka. Angetoka, wangefungwa, kila mtu aliliona hilo.

Na Spika aliliona. Nilikuwa namtazama yeye. Watu wote wanaruka, yeye peke yake amesimama, mikono imening'inia, uso kama wa mtu aliyetapeliwa. Mtoto wake kaokoa goli na yeye ameumia. Hapo ndipo nilipomjua yule mtu.

Filimbi ya mapumziko ilipolia alipita chini ya wavu, akamfuata mtoto pale golini, akamshika kichwa, akapangua nywele zangu, akaingiza kidole sikioni. Sponji ikatoka. Akaiinua juu, mbele ya watu wote.

"Oneni! Oneni anachofundishwa mwanangu! Uziwi! Mtoto anaambiwa amzibie masikio baba yake!"

Ungedhani kashika nyoka. Mashabiki wakageuka wote. Wale wale waliokuwa wanaruka muda mfupi uliopita kwa lile goli lililookolewa, wakaanza kumzomea kocha. Mmoja akarusha chupa. Mtoto alisimama katikati na sikio moja wazi na jingine limeziba, na hakujua atazame wapi.

Kikao cha uongozi kikafanyika dukani kwa Spika, palepale kwenye meza ya kukatia, na mimi ukutani nikasikia kila kitu. Mwenyekiti wa timu si mtu mbaya, ni mtu laini tu. Alijaribu kusema kwamba matokeo yanakuja, kwamba mtoto ameimarika. Spika hakubishana. Alifungua kabati, akatoa jezi zote za wasichana, ambazo alikuwa amezishona yeye, akazikunja moja moja, akazirudisha kabatini, akafunga na ufunguo akautia mfukoni.

"Nusu fainali wachezeni na kanga," akasema.

Kocha alimwaga unga kabla ya kikao kuisha. Aliyechukua nafasi yake ni mwanamume aliyekuwa anamwuliza Spika apange nani.

Kocha alikuja saluni mara ya mwisho, hakutaka kusukwa. Kiwanda kilikuwa kinataka kumhamishia tawi jingine siku nyingi, na safari hii hakupinga. Alinipa vipande viwili vipya vya sponji, nimpe Sumaku siku ya majaribio ya kituo.

"Mwambie avitumie siku ile tu," akasema. "Akishaingia kule, hatavihitaji tena."

"Na wewe je?"

"Mimi nimezoea kuzomewa, dada. Yeye ana miezi mitatu tu ya akili yake mwenyewe. Ni michache. Itafutika."

Ilifutika haraka kuliko tulivyodhani. Spika alirudi nyuma ya goli na mtoto akarudi kuwa mikono ya baba yake, na nusu fainali walishinda, na fainali wakashinda, na Spika akabebwa juu. Nilimwona mtoto siku ile, glovu zimemning'inia mkononi, kombe wameshika wengine. Nilimpongeza. Akasema, "Asante, anti, baba aliona vizuri leo."

Siku ya majaribio ikafika. Kituo kiliagiza kila binti aje na mlezi mmoja wa kike, hivyo Spika akaniomba mimi. Nilifunga saluni. Naye akaja, hakuna aliyemwalika. Njiani kote basini alikuwa amemgeukia mtoto akimpa maelekezo, na mtoto anaitikia kwa kichwa, mpaka abiria wa mbele akamwomba apunguze sauti kuna mtoto mchanga amelala.

Kituo kimezungukwa na ukuta mrefu wa matofali, juu vipande vya chupa. Getini askari akamwambia wazi: wazazi wa kiume hawaingii, mashabiki hawaingii, ni agizo. Spika aligomba, akabembeleza, akamwambia askari mshono wa suruali yake umekaa vibaya na atamrekebishia bure. Askari akafunga geti. Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo nilimsuka Sumaku upya, mtindo uleule, ukamwagika masikioni. Kisha nikafungua mkono nikamwonyesha zile sponji.

"Kocha wako kakuachia."

Alinyoosha kidole akazigusa.

"Siwezi, anti. Baba aliniapisha."

"Baba yako yuko nje, mwanangu. Ukuta ule huuoni?"

"Aliniapisha kwa jina la mama."

Nilitamani kumzaba kofi baba yake palepale kwa mbali. Nilizirudisha mfukoni. Leo nikizishika naona bado zina kona alizozikata kocha kwa mkasi.

Sehemu ya kwanza ilifanyika upande wa mbali wa uwanja: kukimbia, kuruka, kudaka mipira ya kurushiwa kwa mkono. Sumaku aliwaacha wenzake mbali. Wasimamizi walikuwa wawili, mwanamke wa makamo mwenye filimbi na kijana wa kuandika, nikamwona yule mama anamkonyeza kijana. Mtoto naye aliona. Aligeuka akanitafuta kwenye viti, akaniinulia glovu. Alikuwa na uso uleule wa siku ile ya krosi. Kule mbali hakukuwa na sauti ya mtu yeyote, ndege tu na mpira. Moyo wangu ukatulia nikaanza hata kupanga nitamnunulia kufuli la aina gani.

Kisha wakaitwa kucheza mechi, na goli lake likawa lile la karibu na ukuta wa barabarani.

Sikuwaza lolote mpaka niliposikia. Spika hakuwa amekaa getini kama mtu mzima mwenye adabu. Alikuwa amezunguka ukuta mzima, sikio kwenye matofali, mpaka akausikia mlio wa glovu anaoujua. Alikuwa nyuma ya goli. Ukuta katikati, lakini nyuma ya goli.

"Sumaku! Baba yako niko hapa!"

Nikamwona mtoto mgongo unanyooka.

Mpira wa kwanza ulitoka mbali sana, katikati ya uwanja. Hata mimi niliona ni wa kukaa na kuusubiri, na mtoto alikuwa ameshakaa mkao wa kuusubiri. Kishindo cha teke kikavuka ukuta, na nje sauti ikajibu.

"Toka!"

Nilimwona akiutazama mpira. Nawaapia niliona macho yake yakiufuata hewani, yanaujua unapokwenda. Na miguu ikatoka. Mpira ukampita juu, ukadunda mara moja, ukaingia kwenye goli tupu.

Mpira wa pili, msichana mmoja alikuja peke yake na Sumaku akamkimbilia, sawasawa kabisa, glovu chini, amebakiza kidogo aufikie.

"Baki! Bakiii!"

Akasimama katikati ya njia kama aliyekanyaga gundi. Yule msichana akashangaa, akamzunguka, akafunga akitembea.

Nikatoka mbio mpaka getini, nikamsukuma askari, nikafika kwenye kona ya ukuta. Spika alikuwa ameegemeza viganja viwili kwenye matofali, macho amefumba, jasho linamtiririka.

"Fundi, nyamaza! Nyamaza unammaliza mtoto!"

"Ngapi ngapi?" akaniuliza, macho bado kafumba.

"Humwoni! Huoni chochote, wewe mwanaharamu! Unampigia kelele nini?"

"Mpira nausikia, jirani. Mimi mpira naujua kwa sauti." Na ng'ambo ya ukuta kishindo kikalia, naye akavuta pumzi, "Ngumi! Piga ngumi!"

Niliporudi ndani mpira ulikuwa wavuni na wasichana wanarudi katikati. Yule mama mwenye filimbi alikuwa amesimamisha mchezo, amemwita Sumaku pembeni. Nikasogea kwa kuwa mimi ndiye mlezi.

Alimwuliza bila ukali. "Ule wa kwanza, uliuona?"

"Niliuona."

"Ulijua utakupita ukitoka?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini ulitoka, mama?"

Mtoto akaniangalia mimi. Nikaona kabisa kwamba ananisubiri nimwambie la kujibu. Nikauma meno nikanyamaza, maana nilitaka ajibu mwenyewe, angalau hilo.

"Baba alisema," akajibu.

Yule mama alitazama ukuta, kisha akamtazama mtoto kwa muda mrefu. "Una mikono ambayo sijaiona miaka mingi," akamwambia. "Ungekuja na mikono tu, ningekuchukua." Akapuliza filimbi, akaita kipa mwingine.

Nje Spika alitupokea mikono wazi. Aliposikia matokeo alisema wamependelea, kipa wameshampanga kabla, mambo ya kujuana. Alisema hivyo basini mpaka tunafika. Katikati ya safari mtoto alimwuliza kitu kimoja tu, taratibu, akitazama dirishani.

"Baba, ulikuwa unaona?"

"Nitaona vipi, na ukuta ule? Lakini si ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Basi," akasema Spika, akampigapiga goti. Aliridhika.

Sasa ni miaka minne. Sumaku hadaki tena, timu ya wakubwa haikumtaka na mwenyewe hakuuliza kwa nini. Anashona. Anakaa kwenye cherehani ya pili, na baba anasimama nyuma ya kiti chake: "Punguza. Geuza. Kata hapo. Vuta." Kazi yake ni safi, hata wateja wanaisifia. Spika anajibu, "Tumeshona." Jioni bado yuko kiwanjani, nyuma ya goli, na wana kipa mpya, binti wa jirani mwingine, mdogo, msikivu sana wanasema. Mama yake anafurahi kwamba mtoto amepata mtu wa kumwongoza. Nilimtolea uvivu yule mama, nikamweleza yote haya. Akaniambia nina wivu kwa kuwa sina mtoto.

Wiki iliyopita nilipeleka gauni langu dukani kupunguzwa urefu. Baba hayupo, ni siku ya mechi. Nikamwambia Sumaku naomba lifike chini ya goti kidogo, anapoona yeye panafaa. Akalitandika mezani, akalinyoosha kwa kiganja, akapiga mstari wa chaki, mzuri, umenyooka, palepale ninapopataka. Akachukua mkasi. Akaufungua juu ya chaki, akabaki hivyo.

"Kata basi, mwanangu. Ni hapohapo."

"Baba akirudi ataangalia kwanza," akasema. "Kaa kidogo, anti. Mechi inakaribia kuisha."

Nikakaa. Nitafanya nini? Dirisha la nyuma lilikuwa wazi, na kelele za kiwanjani zinaingia vizuri mle ndani, makofi, filimbi, watu wanaguna. Kisha juu ya zote ikaja ile sauti, ikimwita mtoto wa mtu mwingine.

"Toka! Toka!"

Sumaku alikuwa amesimama mezani, mkasi mkononi, anatazama gauni langu. Mguu wake wa kulia ukapiga hatua moja mbele.

Akautazama ule mguu. Akaurudisha.